Washa Nne za Shaba

Injini ya dizeli yenye turbo huwa haifi ghafla, hata mwenye gari akiapa kwamba asubuhi ilikuwa nzima. Hii ya kisa chetu iliugua kwa miezi, tena kwa kelele. Kila alfajiri ilipowashwa ikiwa baridi ilitoa mlio mkavu, chaf-chaf-chaf, na ikishapata moto mlio ukapotea. Mwenye gari, ambaye majirani zake wa mtaa wa Gudele, Juba, humwita Ustazi kwa kuwa aliwahi kushika chaki, aliusikia vizuri sana. Akaona kinachopona chenyewe si ugonjwa. Halafu kulikuwa na suala la oili. Akibadilisha leo, baada ya safari chache kijiti cha kupimia kilitoka cheusi tititi, na oili yenyewe nzito. Aliuliza, akajibiwa kwamba dizeli zote huchafua oili. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana lilimpoteza.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Prado, la kizazi kile kilichotengenezwa kati ya 2002 na 2009. Lilishushwa Mombasa kutoka Japani likafika Juba, Sudan Kusini, kwa kupitia Kampala, usukani ukiwa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia. Injini yake mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa herufi tu, 1KD: silinda nne, sentimita za ujazo 2,982, turbo moja, na pampu inayosukuma dizeli kwenye injekta kwa mgandamizo unaozidi baa 1,000. Ni injini nzuri. Nalisema hili mapema, maana anayesoma kisa cha aina hii huishia kuichukia chapa badala ya kuelewa kosa.

Ustazi alilitia gari kazini, kubeba abiria kati ya Juba na Nimule, mji wa mpakani na Uganda. Barabara hiyo ya kilomita 192, iliyojengwa kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012, ndiyo mshipa wa mji: nyanya, unga, saruji, dizeli, karibu vyote hupita hapo. Ni lami, lakini vumbi la pembeni halijui lami. Na ni barabara ambayo dereva mwenye akili hataki giza limkute juu yake, kwa kuwa magari yamewahi kushambuliwa mara nyingi. Basi siku aliyokuwa akirudi Juba jioni, gari limejaa abiria, aliposikia mluzi mwembamba chini ya boneti, akaona moshi wa bluu kwenye kioo cha nyuma na taa nyekundu ya oili ikiwaka na kuzimika, hakusimama. Simlaumu sana. Wengi wetu tungechagua hivyo hivyo. Nesitu ikiwa bado mbele, injini ikaanza kunoki, kwanza kidogo, kisha kama mtu agongaye mlango kwa nyundo, na mwisho ikashika. Walivutwa hadi mjini na lori la mchanga.

Kilichotokea chini ya boneti dakika zile kinafaa kuelezwa polepole. Turbo ni magurudumu mawili madogo juu ya shafti moja. La kwanza huzungushwa na moshi unaotoka, la pili husukuma hewa kuingia kwenye silinda. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika injini nyingi za aina hii haikai juu ya golori. Inaelea kwenye utando wa oili unaoletwa na bomba jembamba kutoka kwenye injini. Utando ukikatika kwa sekunde chache tu, chuma hukutana na chuma. Ndipo mluzi unaposikika, shafti inapocheza, na oili inapopita kwenye sili zilizochakaa kwenda kuungua. Huo ndio moshi wa bluu. Krenki nayo hulindwa na utando wa namna hiyo hiyo, isipokuwa mwendo wake ni wa pole, kwa hiyo huvumilia kidogo zaidi. Mara nyingi turbo hutangulia kufa, krenki hufuata. Anayeona turbo imekufa akakimbilia kununua turbo, bila kuuliza oili ilikuwa wapi, amenunua turbo ya kuua.

Ustazi aliamua kuifungua injini nyumbani. Watu walimcheka, lakini hesabu yake haikuwa ya kijinga. Tangu Desemba 2015, serikali ilipoiacha pauni ielee ikaanguka kwa siku moja kutoka chini ya 3 kwa dola hadi zaidi ya 18, na baadaye ikaendelea kuporomoka, spea za Juba huuzwa kwa bei ya dola hata zikilipiwa kwa pauni. Gereji inayoaminika ina foleni ya magari ya mashirika yanayolipa dola taslimu. Na ile isiyoaminika itakurudishia gari likiwa na pampu ya mtu mwingine. Nyumbani kulikuwa na mwembe wenye tawi nene la kutundika cheni bloku, kulikuwa na shemeji aliyewahi kuendesha lori hadi Kapoeta, na kulikuwa na kijana fundi kutoka Uganda aliyekubali kulipwa kidogo kidogo. Kijana huyo alikuwa na mikono mizuri kuliko umri wake. Mengi yaliyofanywa vizuri chini ya mwembe ule yalitokana na ubishi wake.

Walianza kwa haraka, kama wanavyoanza wote. Injini ikatoka asubuhi moja, jioni ikawa vipande juu ya turubai. Turbo ilikuwa imeharibika kabisa, shafti ikitikisika kwa vidole. Beringi za krenki zilikuwa zimeng'oka na kujibandika kwenye chuma, rangi ya bluu ya moto imebaki. Kisha wakafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na ndani yake mna bomba la kufyonzea oili lenye chujio la waya mdomoni. Chujio lilikuwa limezibwa. Halikuwa na vipande vya chuma tu, ambavyo wangevitarajia. Lilikuwa limefunikwa na punje nyeusi, ngumu, zinazopondeka kati ya vidole kama mkaa.

Shemeji alizikwangua kwa kijiti. "Hizi ni takataka za oili mbaya," akasema. "Na dizeli ya chupa, Ustazi. Si nilikwambia?"

Ustazi akakubali mara moja, kwa kuwa Juba dizeli hubeba lawama ya kila kitu. Na lawama hiyo ina msingi. Nchi inachimba mafuta ghafi lakini dizeli yake nyingi huja kwa malori kutoka Kenya na Uganda, na ikiadimika huuzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara, hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Kenya yenyewe mwaka 2018 ililazimika kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wanaoyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa ni makavu. Pampu na injekta za injini hizi hupata ulainisho wake kutoka kwa dizeli inayopita ndani yake, na zikikosa hukwaruzika. Ila pampu haikuwa imekwaruzika. Injekta walizipima kwa mtu mwenye mashine, zikaonekana hazina neno. Dizeli mbaya, kwa jumla, haitengenezi punje za mkaa kwenye sampu. Lakini lawama ilishapata pa kukaa, na swali likafungwa. Chujio likasuguliwa kwa brashi na petroli, likang'aa, likawekwa juani likauke.

Hapo ndipo injini ya pili ilipoanza kufa, kabla haijaundwa.

Yaliyofuata yaliwachukua sehemu kubwa ya kiangazi, na mtu angeyatazama kwa mbali angesema hawa wanajua kazi. Krenki ilipelekwa Kampala ikakerezwa, beringi zikanunuliwa za saizi ya chini inayolingana na mkerezo. Pistoni, ringi na gasketi zilitoka Kisekka, lile soko la spea katikati ya Kampala ambako unaweza kupata kitu halisi na mwigo wake kwenye duka moja, vyote viwili vikiwa na boksi lenye muhuri. Kijana alisisitiza kupima. Nafasi ya oili kati ya krenki na beringi huwa sehemu chache tu za mia za milimita, tatu hadi sita hivi kwa injini nyingi za ukubwa huu, na Ustazi alishangaa alipokatazwa kupima saa nane mchana.

"Mzee, krenki imelala juani na mikromita iko kivulini," kijana alimwambia. "Unapima joto, hupimi chuma."

Alikuwa sahihi. Chuma cha milimita 60 kikipanda nyuzi 20 huongezeka unene kwa zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita. Katika nafasi ya sehemu nne za mia, hiyo si kidogo. Na joto la Juba halina mzaha: Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Kwa hiyo walipima alfajiri, vyombo na krenki vikiwa vimelala pamoja ndani ya nyumba usiku kucha.

Ugomvi uliokuwa mkubwa zaidi ulihusu maji. Silinda hukwaruzwa upya kwa mawe ya msasa ili ringi mpya zipate pa kushika, na kazi hiyo huacha unga mwembamba wa jiwe ndani ya mikwaruzo. Unga huo hautoki kwa petroli. Petroli huondoa mafuta yaliyoushika, ikauacha unga umetulia chini, nawe unaona chuma kimeng'aa ukadhani ni safi. Hutoka kwa maji ya moto, sabuni na brashi, tena na tena, hadi kitambaa cheupe kipitishwe kitoke cheupe, kisha silinda ipakwe oili papo hapo kabla ya kutu. Sasa Gudele maji ni ya kununua, huletwa na lori la tangi, na mke wa Ustazi alikuwa na hesabu yake ya pipa moja kwa siku ngapi. Ustazi alitaka kutumia petroli. Kijana aliweka spana chini akasema hataendelea. Mwishowe ni mama mwenye nyumba aliyetoa pipa zima, akisema afadhali watoto waoge nusu ndoo kuliko gari hilo kukaa uani mwaka mwingine. Kitambaa cha kwanza kilitoka kijivu. Cha tano bado kilikuwa na kivuli. Waliendelea.

Kijana alishinda pia juu ya gasketi ya silinda hedi, ambayo kwa dizeli nyingi za Toyota huja kwa unene zaidi ya mmoja, na unene huchaguliwa baada ya kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Alishinda juu ya boliti, zinazokazwa kwa hatua kwa spana ya kipimo na kumaliziwa kwa kuzungushwa kwa nyuzi, si kwa kuning'inia kwenye bomba refu. Na alishinda juu ya intakula, ile rediota ya hewa kati ya turbo na injini, ambayo turbo ikifa hujaa oili na vipande vya chuma. Watu wengi hawaigusi. Wakiwasha injini mpya, vipande huingia kwenye silinda. Na katika dizeli isiyo na kizuizi cha hewa, oili iliyolala humo yaweza kuwa chakula: injini huivuta, huiunguza, huongeza mwendo, huvuta zaidi, na hata ukichomoa ufunguo haisimami, kwa kuwa haihitaji tena dizeli yako. Likikutokea hilo kaa mbali na ubavu wa injini. Kama gari ni la gia za mkono tia gia kubwa kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote kisha achia klachi. Vinginevyo ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Kamwe usizibe kwa kiganja.

Hayo yote yakafanywa, na vizuri. Kisha wakafika kwenye injekta.

Kila injekta ya 1KD hukaa juu ya washa moja ndogo ya shaba, ambayo huziba moto wa silinda usipande juu. Zipo nne. Hufinywa mara moja zikashika umbo la kiti chake, na kila injekta ikitolewa washa mpya huwekwa. Seti ya gasketi waliyonunua Kisekka haikuwa nazo. Kijana alisema ziagizwe. Lakini kiangazi kilikuwa kinaisha, wateja wa Nimule walishahamia kwa mtu mwingine, basi lililofuata lilikuwa la siku ya tatu, na Ustazi alikuwa amechoka kushindwa na kijana wa rika la mwanawe. Shemeji akaleta dawa ambayo kila dereva wa lori anaijua: chukua washa ya zamani, ichome hadi iwe nyekundu, izimishe kwenye maji, shaba inalainika, inarudi kama mpya. Kuchoma shaba kweli huilainisha. Hakuiondolei mikwaruzo wala unene uliokwisha kuliwa, na hakusafishi kiti kilichomo ndani ya hedi, ambacho kilikuwa na gamba la mkaa wa miaka. Kijana, ambaye alikuwa amekwisha kusema hapana mara nyingi, safari hii alinyamaza.

Injini iliwaka jaribio la kwanza. Majirani walikuja na viti. Shemeji alisikiliza kwa bisibisi iliyowekwa sikioni, akainua kidole gumba. Kwa wiki kadhaa gari lilikwenda na kurudi Nimule, halina moshi, halili oili, na Ustazi alipata sifa ya ufundi ambayo hakuikanusha.

Kisha asubuhi moja, injini ikiwa baridi: chaf-chaf-chaf.

Aliusikia tena, na tena ukapotea injini ilipopata moto. Oili ikawa nyeusi. Alibadilisha, ikawa nyeusi. Alianza kununua dizeli kwenye kituo tu, hata foleni ikiwa ndefu, tiba halali ya ugonjwa mwingine. Taa ya oili ilipowaka mara hii alisimama papo hapo, akazima, na hilo liliokoa turbo. Krenki haikuokoka, beringi mbili zilikuwa zimeshazunguka kwenye viti vyake na kuipasua fimbo ya pistoni.

Mara ya pili hakuipeleka chini ya mwembe. Aliivuta hadi gereji moja ya Juba kwa fundi mzee, mtu asiyependa maneno. Mzee yule hakuanza na spana. Aliuliza, "Mlipofungua mara ya kwanza, chujio la sampu lilikuwaje?"

Ustazi akaeleza habari za punje nyeusi.

"Mkazipeleka wapi?"

"Tulizikwangua tukasafisha."

"Hamkuuliza zimetoka wapi."

Akatoa injekta ya tatu, akaonyesha kwa tochi. Kuzunguka kiti chake shimo lote lilikuwa limeganda mkaa. Washa inapovuja, moto wa silinda hupenya pembeni yake kila pistoni inapofyatuka. Ndio ule mlio wa chaf-chaf wakati chuma ni baridi na hakijatanuka kujiziba. Moto huo hubeba masizi kwenda juu chini ya kifuniko cha vali, masizi huanguka kwenye oili, hushikamana, huokwa yakawa punje, punje hushuka hadi sampu na kufyonzwa na chujio. Chujio linaziba kidogo kidogo, bila kelele. Siku moja kwenye mlima, oili ikiwa nyepesi kwa joto na injini ikiidai kwa wingi, hakuna kinachopita. Si siri ya Juba. Wenye magari ya injini hii huko Australia na New Zealand wameulalamikia ugonjwa huu kwa miaka, na wapo wanaofungua plagi ya sampu wakati wa kubadilisha oili na kupitisha kamera nyembamba kuangalia mdomo wa chujio. Fundi asiye na kamera hushusha sampu yenyewe. Ni kazi ya nusu siku na gundi ya gasketi.

Bloku ilikuwa imeshatobolewa na fimbo iliyopasuka. Ustazi akauza shamba dogo upande wa Gumbo, akanunua injini ya mtumba iliyotoka Japani, ya aina ile ile, ikaja Juba juu ya lori ikiwa imefungwa plastiki. Muuzaji alimhakikishia kwamba imetembea kilomita chache, na ilivyoonekana kwa nje ilikuwa safi hata ungeweza kulia chakula juu yake. Shemeji alitaka iingizwe siku hiyo hiyo.

Fundi mzee aliigeuza juu chini, akafungua sampu. Nusu ya chujio ilikuwa nyeusi.

Ustazi hakungoja kuambiwa. Alitoa simu akampigia yule kijana, ambaye wakati huo alikuwa Kampala, akamwomba apite Kisekka anunue washa nne za shaba, mpya, na brashi ya kusafishia viti vya injekta. Kijana akamwambia basi ni la keshokutwa.

"Tutangoja," akasema Ustazi.